Darubini ya ndege: 8x42 au 10x42 kwa huku Nyanda za Juu Kusini?

Kijana_wa_Matamba: Wakuu, habari za leo. Nimeanza kuongoza wageni wanaopanda Kitulo kuangalia maua na ndege. Mpaka sasa naazima darubini ya mgeni, natazama kidogo, namrudishia. Nimejibana nimefikisha laki nne. Nimebaki kwenye mbili, 8x42 na 10x42. Ila kuna jamaa pale Mwanjelwa ana moja imeandikwa 30x60, anataka elfu sitini, anasema inavuta kuliko zote. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Chozi_Rungwe: Mdogo wangu, hiyo 30x60 iache hapo hapo ilipo. Namba ya kwanza ni inavuta mara ngapi, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Nenda na rula. Mimi niliuziwa ya aina hiyo, nilipopima lenzi nikakuta milimita 21, siyo 60. Halafu ishike mbali na uso, mkono umenyooka, ielekeze angani penye mwanga (siyo kwenye jua kabisa). Kwenye kila tundu la jicho utaona kiduara cheupe. Kipime. Changu kilikuwa milimita 3. Gawa 21 kwa 3, unapata 7. Inavuta mara saba, na wameandika thelathini!

Kiduara hicho hicho ndicho kinachonifanya nikuambie chukua 8x42. Kikiwa kikubwa, mwanga mwingi zaidi unafika jichoni. 42 kwa 8 ni milimita 5.25, 42 kwa 10 ni 4.2. Mchana hutaona tofauti. Ingia msitu wa Rungwe saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala kwenye miti, ndipo utajua. Kwenye 10 ndege anabaki kivuli, kwenye 8 unapata rangi ya kifua.

Isimani_Kwetu: Naheshimu hoja ya msitu, lakini siyo wote tunatazama msituni. Mimi natembea Mtera na Ruaha. Ndege wa majini wako mbali, huwezi kuwasogelea, na tai akiwa juu unataka uone mkia wake umekaaje. 10x42 imenisaidia sana. Siri ni kuegemea: kifuko cha maharage kwenye dirisha la gari, darubini juu yake, picha inatulia kabisa. Ukipata wageni wa kwenda Ihefu, kwenye ardhi oevu, utanikumbuka.

Mwl_Uyole: Kaka Isimani, kijana atakuwa anatembea kwa miguu Kitulo, hana dirisha la kuegemea. Uwanda ule uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na upepo wake mnaujua. Darubini inayovuta mara kumi inakuza na mtikisiko wa mkono mara kumi.

Halafu kuna jambo la upana wa eneo unaloona. Chukua Nikon Monarch M5: ile ya 8x42 inaonyesha upana wa mita 112 kwa umbali wa mita 1,000, ya 10x42 mita 98. Mbayuwayu wa buluu wanakuja kuzaliana Kitulo wakati wa mvua, na wanaruka chini kabisa juu ya nyasi, wanakata kona ghafla. Kwenye eneo jembamba unampoteza kabla hujamshika vizuri. Kwa laki nne hutafika M5, lakini ulizia Nikon Prostaff P3 ya 8x42, ni nyepesi, haifiki gramu 600. Itakaa shingoni siku nzima, hilo usilidharau.

Kama unavaa miwani kama mimi, hakikisha vikombe vya macho (pale unapoegesha jicho) vinashuka na bado unaona duara zima. Jaribu dukani, usiagize kwa picha.

Mvua_ya_Tukuyu: Naongeza moja tu, isiyoingia maji. Ziwe zimeziba na kujazwa gesi ya naitrojeni ndani. Yangu ya kwanza nilihakikishiwa dukani kwamba haipitishi maji. Msimu mmoja tu, ukungu ukaingia ndani ya lenzi, baadaye fangasi kama utando wa buibui. Fundi akashindwa. Nililia kwa kweli, ilikuwa zawadi ya baba.

Kijana_wa_Matamba: Asanteni sana. Jamaa wa 30x60 nilimwendea na rula, lenzi milimita 22. Nimechukua P3 8x42. Ila jicho la kulia naona kama kuna ukungu, la kushoto safi. Ni mbovu?

Mwl_Uyole: Siyo mbovu, mwanangu, haijapimwa kwa macho yako. Tafuta kitu chenye maandishi, kama kibao cha barabarani. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Sasa ziba ya kushoto, gurudumu usiliguse, zungusha pete ndogo iliyo kwenye tundu la jicho la kulia mpaka maandishi yakae sawa. Weka alama pete ilipoishia. Kuanzia hapo unatumia gurudumu la katikati peke yake.

Kijana_wa_Matamba: Imekubali, mwalimu. Leo asubuhi nimemkuta tandawala wa Denham amesimama kwenye nyasi, nimemtazama mpaka mikono ikachoka. Nyuma ya shingo ana rangi ya kutu! Miaka yote napita pale nilijua ni ndege wa kijivu tu.