Vyuo vya Marekani vinawalipa makocha mamilioni ili wasifanye kazi, na waliosaini mikataba hawaguswi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuipoza. Kila kocha wa futiboli ya Kimarekani (si soka) ya vyuo anapotimuliwa huku Marekani naona watu wanashangilia, "safi sana, alikuwa mzigo", na kesho yake mjadala umeshahamia kwa nani anakuja kumrithi. Bili analetewa nani? Hilo halina mwenye haja nalo.

LSU, chuo kikuu cha umma cha jimbo la Louisiana, kilimfukuza Brian Kelly Oktoba 26, 2025, siku moja baada ya kuchapwa 49-25 na Texas A&M palepale nyumbani kwao Baton Rouge. Mwaka 2021 walimpa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 95. Ameondoka katikati ya msimu wa nne, na fidia ya kuvunja mkataba ni kama dola milioni 54. Rekodi yake ni ushindi 34 na vipigo 14. Mtu anashinda mechi 34 katika 48, anaambiwa hafai, halafu analipwa milioni 54 akae nyumbani!

Kwa msiofuatilia mchezo huu: timu hizi si klabu kama Simba na Yanga. Ni vyuo vikuu, vingi vyake vya umma, na kocha ni mwajiriwa wa chuo. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha wa futiboli au wa mpira wa kikapu. Gavana hamfikii hata kwa mbali, profesa ndiyo usiseme.

Sasa fuateni jina moja, Scott Woodward. Mwaka 2017 alikuwa mkurugenzi wa michezo wa Texas A&M. Akamtoa kocha aitwaye Jimbo Fisher kutoka chuo cha Florida State kwa mkataba wa miaka 10, dola milioni 75, zote za uhakika, yaani hata akifungwa kila Jumamosi fedha yake iko palepale. Mwaka 2019 Woodward akahamia LSU. Fisher akabaki, akapata msimu mmoja wa kueleweka, ule wa korona wa 2020, ushindi 9 na kipigo kimoja. Basi uongozi mpya chini ya Ross Bjork ukakimbilia kumwongezea mkataba hadi 2031, dola milioni 9 kwa mwaka, wakati mkataba wa kwanza ulikuwa bado na miaka ya kutosha. Msimu wa 2022 timu ikashinda mechi 5 na kupoteza 7. Novemba 12, 2023, siku moja baada ya kuifunga Mississippi State 51-10, Fisher akafungashiwa virago. Fidia yake inazidi dola milioni 75, inalipwa kidogo kidogo hadi 2031, na hata akipata kazi nyingine hakatwi senti.

Na Bjork aliyesimamia nyongeza ile alipata adhabu gani? Januari 2024, miezi miwili tu baadaye, alitangazwa kuwa mkurugenzi mpya wa michezo wa Ohio State, mojawapo ya viti vikubwa kabisa katika mchezo huu. Kapandishwa! Kwingine kokote mhasibu akiitia taasisi hasara ya namna hiyo anapelekwa polisi.

Woodward naye huko LSU ndiye aliyekuja kumpa Kelly ule mkataba wa 2021. Vyuo viwili vya umma, mkurugenzi mmoja, makocha wawili, fidia mbili zinazokaribia dola milioni 130 kwa pamoja. Ilibidi gavana Jeff Landry asimame hadharani aseme Woodward hatamchagua kocha ajaye ndipo akaondoka, Oktoba 30. Nilidhani angalau wamejifunza. Novemba chuo kikaanza kudai kwamba Kelly hakuwa amefukuzwa rasmi, na kwamba huenda angefukuzwa kwa sababu ya makosa yake mwenyewe ili kukwepa malipo. Kelly akaenda mahakamani, na kabla mwezi haujaisha chuo kikanywea na kukubali kulipa. Na Novemba 30 chuo hichohicho kikamchukua Lane Kiffin kwa miaka 7, dola milioni 91. Wino wa deni la kwanza haujakauka.

Na Kiffin aliondoka wapi? Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, timu iliyokuwa na ushindi 11 na kipigo kimoja, inasubiri kuingia kwenye mtoano wa ubingwa wa taifa. Vijana walipigana msimu mzima, kocha akawaacha mlangoni. Ole Miss ilikataa awaongoze kwenye mtoano na ikampa timu msaidizi wake Pete Golding, na vijana wakaenda kuifunga Georgia katika Sugar Bowl, mechi ya robo fainali, bila yeye. LSU ilikubali kumlipa Kiffin hata bonasi ambazo angezipata Ole Miss ikisonga mbele kwenye mtoano huo. Yaani wachezaji aliowakimbia wanatoka jasho, yeye anaingiza. Hili limenikera kuliko yote.

Kelly mwenyewe aliiacha Notre Dame hivyohivyo mwaka 2021, ikiwa na ushindi 11 na kipigo kimoja. LSU imefanya jambo hili mara mbili kwa vyuo viwili, na hakuna kanuni inayoizuia.

Linganisheni na mwanafunzi. Kwa miaka mingi mchezaji akihama chuo alilazimika kukaa nje msimu mzima kama adhabu, na hadi Julai 2021 hakuruhusiwa kupata hata dola kwa kutumia jina lake. Kocha muda wote huo alihama usiku mmoja na asubuhi akavaa kofia ya timu nyingine. Leo mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje, na tazama kelele: hawana uaminifu, wanafuata pesa, dirisha la usajili linaua mchezo. Nani aliwafundisha kufuata pesa? Kocha Nick Saban alipostaafu Alabama Januari 10, 2024, siku mbili baadaye wakamchukua Kalen DeBoer aliyetoka tu kuifikisha Washington fainali ya taifa. Washington wakamchukua Jedd Fisch wa Arizona. Arizona wakamchukua Brent Brennan wa San Jose State. San Jose State wakamwajiri Ken Niumatalolo. Yote ndani ya mwezi huohuo. Mama wa mchezaji aliyekaa sebuleni akaahidiwa na kocha "nitamlea mwanao kwa miaka minne" alimpigia nani simu?

Na kocha mpya akiingia ana ruhusa ya kufagia. Deion Sanders alipofika Colorado Desemba 2022 aliwaambia wachezaji aliowakuta, kwenye kikao cha kwanza, kamera zikiwaka, kwamba waingie sokoni, yaani watafute chuo kingine. Zaidi ya 50 waliondoka. Hao walikuwa wanafunzi wenye ratiba za masomo na marafiki. Makocha wasaidizi ndiyo hata hawatajwi: bosi akitimuliwa nao wanabeba watoto katikati ya mwaka wa shule kwenda kutafuta kazi jimbo jingine, bila mamilioni ya kuwapoza.

Tangu Julai 2025, baada ya jaji Claudia Wilken kuidhinisha makubaliano ya kesi ya mwogeleaji Grant House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake wa michezo yote fedha yenye kikomo; kwa mwaka wa kwanza, 2025-26, kikomo kilikuwa dola milioni 20.5. Fidia ya Kelly peke yake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya kiwango hicho. Kwa wanafunzi mamia kuna dari. Kwa kocha aliyeshindwa hakuna.

Mtu ataniambia hizo si pesa za masomo, ni za wafadhili na tiketi. Nimelisikia hilo mpaka masikio yanauma. Mei 2025 bodi ya Penn State ilipiga kura kufunga kampasi 7 baada ya muhula wa masika wa 2027, kampasi za kina DuBois, Mont Alto na New Kensington, ambako watoto wa watu wa kawaida wanasoma karibu na nyumbani. Sababu walizotoa ni wanafunzi kupungua na fedha kubana. Oktoba 12 mwaka huohuo chuo hichohicho kikamfukuza James Franklin, kocha aliyewafikisha nusu fainali ya taifa Januari, kikiwa tayari kulipa karibu dola milioni 49. Deni lilishuka hadi milioni 9 kwa sababu tu Virginia Tech walimwajiri mwezi uliofuata. Kama matajiri wana milioni 49 za kumwondoa mtu mmoja, basi fedha Pennsylvania ipo. Walioamua iende wapi wana majina na viti kwenye bodi.

Ninachotaka ni kwamba fidia isizidi mshahara wa mwaka mmoja. Kocha akipata kazi nyingine, deni lipungue kwa lazima, si kwa huruma ya mawakili. Kocha asiruhusiwe kusaini kwingine timu yake ikiwa bado kwenye mtoano. Na mkataba wa kocha wa chuo cha umma usomwe mbele ya bodi na kupigiwa kura ya wazi, kila jina na kura yake, ili mambo yakiharibika tujue nani wa kuanza naye.

Kama kuna anayejua mkurugenzi wa michezo au mjumbe wa bodi, hata mmoja, aliyewahi kurudisha dola moja kutoka mfukoni mwake kwa mkataba alioupitisha, aweke jina hapa chini. Nitasoma majibu yote.