Tupeane uzoefu: Ulianzaje na dalali wa muuzaji ukiwa mgeni kwenye uwekezaji wa nyumba?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, kwema? Nimepata nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha baada ya kuhangaika karibu mwaka mzima. Sehemu kubwa ya mwaka huo niliipoteza kwa kutojua jambo moja: dalali aliyesimama mlangoni na funguo ni wa nani.

Nyumba ya kwanza kuitazama, tulikuwa jikoni, yeye anafungua bomba nione maji yanavyotoka. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Wewe mwisho wako ni ngapi?" Nikamtajia. Jioni nikapeleka ofa ya chini ya hapo, na asubuhi jibu likaja: mwenye nyumba anakubali, ila kwa bei ileile niliyoitaja jikoni, mpaka tarakimu ya mwisho.

Niliumia, lakini nilipotulia nikaelewa. Yule ana mkataba na muuzaji, na kazi yake ni kumtafutia muuzaji bei nzuri. Mimi ndiye niliyemfanya msiri wangu. Nyumba ile niliiacha.

Naomba tupeane uzoefu, hasa mlioanza na mtaji mdogo. Nini kiliwaumiza, nini kiliwafungulia njia?

#2

Pole sana mkuu. Mimi langu lilikuwa kinyume: nilimwona kila dalali ni adui wa kubanwa. Nilisikia kwamba mwekezaji hanunui kwa bei iliyotangazwa, basi nikawa natuma ofa ya asilimia 60 ya bei kwa kila nyumba niliyoiona, ujumbe uleule wa kunakili. Zilifika 13. Hakuna aliyenijibu, mpaka dalali mmoja, mama mtu mzima, akanipigia.

"Mwanangu, umewahi kufika hata getini kwenye nyumba hii?"

Sikuwa nimefika. Akanieleza, bila ukali, kwamba kila ofa anayoipeleka kwa mwenye nyumba anaipeleka na sura yake. Ofa isiyo na maelezo inamfanya aonekane hajui kazi.

Tangu siku hiyo ofa yangu huenda na karatasi ya ukurasa mmoja: pango linaloweza kupatikana, mwezi mmoja wa kukaa wazi nimeutoa, bima, matengenezo, kodi ya jengo, halafu gharama ya kurekebisha nilivyoviona kwa macho, na picha zake. Bei yangu bado inaweza kuwa ya chini, lakini dalali anapata cha kumwonyesha mteja wake. Mama yule ndiye aliyenipa nyumba yangu ya pili, kabla haijatangazwa.

#3

Nakazia hapo. Kabla hujaomba kuonyeshwa nyumba, uwe na barua ya benki au uthibitisho wa fedha ulizonazo. Dalali wa muuzaji analipwa biashara ikifungwa, halipwi kwa kukuzungusha. Ila barua isionyeshe kiwango chako cha juu kabisa. Omba iandikwe kwa kiasi cha ofa unayotoa.

#4

Wakuu, mimi nazungumzia dalali mmoja kushika pande zote mbili, kwa sababu ndipo nilipoungua.

Nilikwenda moja kwa moja kwa dalali wa muuzaji nikiamini nitaokoa kamisheni. Haikuokoka. Mkataba wake na muuzaji ulishaweka asilimia yake kabla mimi sijatokea, kwa hiyo ile sehemu ambayo angepewa dalali wangu ilibaki kwake. Nilipotaka kuleta mkaguzi akasema tutachelewa, kuna mnunuzi mwingine njiani. Nikaogopa kuikosa, nikasaini.

Dari ya chumba cha nyuma ilikuwa imepakwa rangi mpya kwenye kona moja tu. Niliiona. Hata harufu ya rangi ilikuwepo. Sikuuliza. Mvua ya kwanza doa likarudi palepale, na fundi alipopanda alikuta mbao za paa zimeoza mita kadhaa. Akiba yangu yote ya matengenezo iliishia pale.

Sheria zinatofautiana, kwa hiyo soma za mahali unaponunua. Marekani, kwa mfano, majimbo kama Florida na Colorado hayamruhusu dalali kuwa wakala kamili wa pande zote mbili, na tangu Agosti 17, 2024, madalali wengi wa huko wanatakiwa kuwa na makubaliano ya maandishi na mnunuzi wanayemwakilisha kabla hawajamtembeza nyumba. Uingereza, dalali anatakiwa kumfikishia muuzaji ofa zote kwa maandishi, isipokuwa zile ambazo muuzaji mwenyewe amesema hazitaki. Popote ulipo, swali la kwanza liwe: "Hapa unamwakilisha nani?"

Na mkaguzi umlete wewe, umlipe wewe.

#5

Asante kwa uzi huu. Mimi nimejifunza kuuliza na kunyamaza. Nyumba imekaa sokoni siku ngapi? Bei imeshushwa mara ngapi? Kuna ofa iliyovunjika, na ilivunjika kwa nini? Ukimwachia dalali nafasi anaeleza mengi, kwa sababu naye anataka biashara iishe.

Kama kuna mpangaji ndani, usikubali neno la mdomo. Niliwahi kuambiwa pango la mwezi, nikapiga hesabu zangu zote juu yake. Nilipoomba mkataba na risiti nikakuta kile kilikuwa kiasi "kinachotarajiwa". Mpangaji alikuwa analipa pungufu, na alikuwa na deni la miezi mitatu. Dalali hakuwa amesema uongo, tangazo lilitumia neno hilohilo. Niliomba bei ipungue, ikapungua.

#6

Mleta uzi, hujatuambia hiyo ya kwanza uliipataje hatimaye. Sisi wa mtaji mdogo dalali atatukumbuka kweli?

#7 – Mleta uzi

Swali zuri ndugu yangu. Niliikosa kwanza. Kuna mtu aliweka ofa ya juu yangu. Nikampigia dalali kumshukuru kwa muda wake, nikamwambia, "Ikitokea wakashindwana, naomba unipigie hata usiku." Nikawa namtumia ujumbe mfupi kila Ijumaa, wa kusalimia tu.

Wiki ya tano akapiga. Mnunuzi alikuwa amenyimwa mkopo, na muuzaji alikuwa amechoka kusubiri. Bei ilikuwa ileile niliyoitoa mwanzo. Nilipofika ofisini kwake, karatasi yangu ya mahesabu bado ilikuwa kwenye faili la nyumba ile, na pembeni ameandika kwa kalamu namba yangu ya simu.

Wengine karibuni, mwageni yenu.