Programu ya uhasibu inagoma kuingia kwenye Windows 11, inaleta 1603 tu. Msaada wakuu

BiDaftari

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri kabla sijafanya maamuzi ya hasira.

Nina laptop ya Windows 11, biti 64. Nataka kusakinisha toleo jipya la programu ya uhasibu tunayotumia kazini. Nikifungua faili la kusakinisha, inaomba ruhusa, nakubali, mstari unaanza kusogea. Haujafika hata robo unasimama, halafu kinatokea kidirisha kinachosema usakinishaji umeshindikana, kosa namba 1603. Basi. Hakuna maelezo mengine wala kitufe kingine zaidi ya kufunga.

Nilichojaribu mpaka sasa ni kuzima na kuwasha, kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator", kuzima antivirasi kwa muda, na kupakua faili upya. Nafasi kwenye C ipo tele. Kinachonishangaza ni kwamba programu nyingine nilizoweka juzijuzi, kivinjari na kicheza video, ziliingia bila shida yoyote. Fundi mmoja kaniambia dawa ni kupiga Windows upya. Humu nina mafaili ya kazi yamejaa, sitaki kufika huko.

Kipanya_Kimoja

Dada, fundi wako hajakosea. 1603 maana yake Windows imechoka. Piga chini, weka mpya, jioni hiyohiyo unaendelea na kazi.

MzeeWaLogi

Kijana, kuweka Windows ni jioni moja. Kurudisha printa, nywila, mipangilio na programu zote za mtu ni habari nyingine kabisa. Tusimpeleke huko wakati hata hatujajua anaumwa nini.

Dada BiDaftari, hiyo 1603 usiichukulie kama jina la tatizo. Windows Installer, yaani huduma ya Windows inayoshughulikia vifurushi vya msi (mafaili ya kusakinisha yanayoishia na .msi), ikikwama kwa sababu yoyote nzito hutoa namba hiyohiyo. Inaweza kuwa folda ambayo akaunti ya SYSTEM, ile ya Windows yenyewe, haina ruhusa ya kuandika ndani yake, au folda iliyosimbwa (encrypted), au huduma iliyokataa kuwaka, au mabaki ya toleo la zamani. Hata ile 0x80070643 ambayo watu hukutana nayo kwenye Windows Update ni ndugu yake. Hiyo 643 ya mwisho ukiitoa kwenye hesabu ya msingi wa 16 unapata 1603.

Ila umesema jambo la maana, kwamba haifiki robo. Kabla ya kunakili faili lolote, Windows Installer hupima kwanza: vitu vitakaa wapi, na je, hapo mahali papo na nafasi inatosha? Ikifia mapema hivyo, mimi hushuku mahali au ruhusa. Ingefika karibu na mwisho kisha ikaanza kurudi nyuma, ningeangalia huduma, au zile hatua za ziada alizoziandika mtengenezaji wa programu yenyewe.

Faili lako linaishia na .exe au .msi?

BiDaftari

Ni .exe, mzee wangu.

NuruYaSkrini

Samahani kuingilia. Dada, lile toleo la zamani uliliondoa kwa njia ya kawaida au ulifuta folda tu? Kama ulifuta folda, Microsoft wana kifaa cha bure cha kurekebisha matatizo ya kusakinisha na kuondoa programu, kipo kwenye tovuti yao ya msaada. Kinasafisha funguo zilizoharibika za rejistri, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, ambazo humfanya Windows aamini programu bado ipo.

BiDaftari

Niliondoa kupitia Settings, ikaisha vizuri. Hata hivyo nimekiendesha hicho kifaa sasa hivi. Ile programu ya zamani haimo kwenye orodha yake, na 1603 iko palepale.

Kipanya_Kimoja

Basi futa vilivyomo kwenye C:\Windows\Installer, folda imefichwa lakini ukiweka "show hidden items" na kuondoa ule ulinzi wa mafaili ya mfumo utaiona. Mimi huwa naifuta kupata nafasi, imenisaidia sana.

MzeeWaLogi

USIFANYE HIVYO. Samahani kwa herufi kubwa, lakini ushauri huu umeshaharibu kompyuta nyingi. Folda hiyo ndiyo inayotunza nakala za vifurushi vya kila programu iliyoingia kwa njia ya msi. Ukiifuta leo hutaona kitu, ndiyo maana watu hudhani ni salama. Siku utakapotaka kuiondoa programu, kuirekebisha au kuiwekea sasisho, Windows itatafuta nakala ile na kuikosa. Hapo utashindwa kuitoa na utashindwa kuiboresha.

Turudi kwenye tatizo. Lingekuwa faili la .msi, ungefungua Command Prompt kama msimamizi na kuandika:

msiexec /i "C:\folda\programu.msi" /L*V "C:\Users\Public\logi.txt"

Hiyo ingekuandikia kila hatua. Lako ni .exe, na kwa kuwa linatoa 1603, nina hakika ndani yake kuna msi iliyofichwa. Ganda la nje linakuonyesha namba tu, sababu linaimeza. Kwa hiyo tutaiambia Windows yenyewe iandike logi, yaani kumbukumbu ya kila hatua, kwa kila usakinishaji.

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika regedit, nenda hapa:

HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Policies\Microsoft\Windows\Installer

Kama hiyo Installer ya mwisho haipo, itengeneze. Ndani yake weka "String Value", iite Logging, na thamani yake uandike voicewarmup. Usicheke, ndivyo inavyoandikwa. Kila herufi pale ni agizo la kuandika jambo fulani kwenye logi.

Kisha endesha kisakinishi chako, kiache kife. Bonyeza tena Windows na R, andika %TEMP%, panga mafaili kwa tarehe. Utaona jipya linaloanza na MSI na kuishia na .LOG. Lifungue kwa Notepad, utafute "Return value 3". Hiyo ndiyo alama ya hatua iliyoshindwa. Itajitokeza mara kadhaa kwa sababu hatua ndogo ikifa inaiangusha ile iliyoiita. Wewe shika ile ya kwanza kutoka juu, usome mistari michache iliyo juu yake. Tuwekee hapa, ila ondoa jina la akaunti yako kama linaonekana.

BiDaftari

Mzee, faili lenyewe ni refu! Lakini nimepata. Juu ya "Return value 3" ya kwanza kuna hii:

Error 1327. Invalid Drive: E:\

Sasa mimi sina diski E. Nina C peke yake. Na kwenye kusakinisha sikuchagua E popote.

NuruYaSkrini

Hapo sasa! 1327 inasema mengi kuliko 1603. Laptop hii iliwahi kuwa na diski ya pili?

BiDaftari

Ndiyo. Niliirithi kwa mwenzangu aliyehamia idara nyingine, naendelea kutumia akaunti ileile. Zamani ilikuwa na diski mbili, moja ikatolewa walipoweka SSD.

MzeeWaLogi

Basi kisa kimekamilika. Huyo mwenzako aliihamishia folda yake ya Documents kwenye E ili C isijae. Ni jambo la kawaida, Windows inaruhusu. Diski ikatolewa, lakini rejistri bado inasema nyaraka zinakaa E. Windows Installer inapopima mahali pa kuweka vitu huulizia pia hizo folda za mtumiaji, inaambiwa E, inaitafuta, haipo, inakata tamaa. Kivinjari na kicheza video chako viliingia kwa sababu programu nyingi za namna hiyo hutumia visakinishi vya aina nyingine visivyopita kwenye Windows Installer.

Kipanya_Kimoja

Kama ni hivyo, chomeka flashi, ingia Disk Management, ipe herufi E, sakinisha, chomoa. Imeisha.

MzeeWaLogi

Itafanya kazi kweli, hapo sikupingi. Lakini sasisho lijalo la programu hiyohiyo litaitafuta E tena, na flashi itakuwa iko mfukoni mwa mtu. Na programu nyingine zitaendelea kushindwa kuhifadhi kwenye Documents. Afadhali arekebishe chanzo.

Dada, rudi regedit, safari hii hapa:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\User Shell Folders

Kabla ya kugusa chochote, bofya File, kisha Export, uhifadhi nakala ya sehemu hiyo. Halafu pitia safu ya Data, utafute kila kinachoanza na E:. Documents humo inaitwa "Personal", usiitafute kwa jina lake la kawaida. Zilizo za asili ni hizi:

Personal: %USERPROFILE%\Documents
My Pictures: %USERPROFILE%\Pictures
My Music: %USERPROFILE%\Music
My Video: %USERPROFILE%\Videos

Bofya mara mbili ile yenye E, ubadilishe maandishi tu. Usiifute na kuitengeneza upya, kwa sababu aina yake ni "Expandable String", na ukiweka "String" ya kawaida hiyo %USERPROFILE% inaweza isifasiriwe. Ukikuta njia inayopita OneDrive, iache, hiyo ni halali. Ukimaliza, toka kwenye akaunti na uingie tena.

BiDaftari

Personal ilikuwa E:\Nyaraka na My Pictures ilikuwa E:\Picha! Nimebadilisha zote mbili, nikatoka, nikaingia. Programu IMEINGIA mpaka mwisho. Mzee, Mungu akubariki. Nuru, asante sana.

Lakini nimefurahi mapema. Nikiifungua inasema haiwezi kuanza kwa sababu VCRUNTIME140.dll haipo.

Kipanya_Kimoja

Hiyo rahisi. DLL ni faili la msaada ambalo programu hulitegemea. Kuna tovuti za DLL za bure, pakua hiyo moja, bandika System32.

NuruYaSkrini

Hapana jamani. Kwanza, faili la DLL kutoka tovuti usiyoijua ni mlango wa virusi. Pili, hata likiwa safi, DLL za biti 32 na za biti 64 zina jina moja. Ukibandika isiyo yake, kosa la "haipo" linageuka kuwa 0xc000007b na unaanza kutafuta mchawi upya.

Hilo faili ni sehemu ya kifurushi cha Visual C++ Redistributable cha Microsoft. Kipakue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, na uweke vyote viwili, x86 na x64. Watu huweka x64 tu kwa kuwa Windows yao ni ya biti 64, lakini programu yenyewe inaweza kuwa ya biti 32, na hiyo inahitaji x86. Vyote viwili vinakaa pamoja bila ugomvi.

BiDaftari

Nimekagua, x64 ilikuwepo tayari. Nimeongeza x86, programu imefunguka. Hesabu za mwezi zinaanza kuingia sasa hivi.

MzeeWaLogi

Safi sana. Rudi ukaifute ile Logging kwenye rejistri, la sivyo kila usakinishaji utaandika logi ndefu, ukienda polepole na kukujazia %TEMP%.

Na mwulize huyo mwenzako diski ile ya E iko wapi. Folda ya Nyaraka ilikuwa humo, huenda kuna vitu vya ofisi hakuna aliyevinakili.

Mgeni_wa_Kibodi

Nadandia uzi, samahanini. Mimi yangu ni 1618. Nifuate hizo hatua zilezile za E?

NuruYaSkrini

Hapana, 1618 inajieleza yenyewe: kuna usakinishaji mwingine unaendelea, na Windows Installer haifanyi miwili kwa wakati mmoja. Mara nyingi ni Windows Update inaweka kitu kimyakimya. Fungua Settings, angalia kama kuna sasisho linaloendelea au linalosubiri kuwashwa upya. Liache limalize, washa upya, jaribu tena. Usikimbilie kuua msiexec.exe kwenye Task Manager wakati kazi iko katikati, unaweza kuiacha programu nyingine nusu ndani nusu nje.

Mgeni_wa_Kibodi

Kweli, kulikuwa na sasisho linasubiri kuwashwa upya. Nimewasha, 1618 imepotea. Sasa inadai .NET Framework 3.5.

NuruYaSkrini

Hicho ni kifurushi cha Microsoft ambacho baadhi ya programu hukitegemea, nacho ni kipengele cha Windows kilichozimwa tu. Andika "Turn Windows features on or off" kwenye sehemu ya kutafuta, weka tiki kwenye .NET Framework 3.5, kubali ipakue mafaili yake. Uwe na intaneti.