Karatasi za mafumbo na za kupaka rangi kuhusu frisbi: nawaandaliaje watoto wa rika tofauti?

Mlezi wa Jioni aliuliza:

Habari zenu, wanajukwaa. Nawalea watoto kumi na wawili wenye umri wa miaka 4 hadi 8, nao wameupenda mno mchezo wa kurushiana frisbi, yaani kile kisahani chepesi cha plastiki, uwanjani. Kwa siku za mvua niliwaandalia karatasi za mafumbo na za kupaka rangi kuhusu mchezo huohuo, lakini karatasi ya kwanza haikufua dafu: mtoto alikipaka kisahani rangi nyekundu, akaweka kalamu mezani, na baada ya dakika tatu akaniuliza kinachofuata. Fumbo la kutafuta maneno nalo liliwashinda wadogo na kuwachosha wakubwa. Wenzangu mnaziandaa vipi, ili mtoto atulie nazo na bado atamani kutoka nje mvua ikikatika?

Mwalimu wa Awali alijibu:

Mwenzangu, nadhani karatasi yako ilimtaka mtoto ajaze duara tu, na duara halina siri. Mpe sahani za karatasi zenyewe. Gundisha mbili uso kwa uso, ukate sehemu ya kati ibaki pete, kisha mtoto aigawe pete hiyo vipande vinane na kuvipaka nyekundu na njano kwa kupokezana. Pete hiyo hupaa vizuri, na ikizunguka kwa kasi jicho hushindwa kuzitenganisha rangi hizo, hivyo huonekana kama rangi ya chungwa. Watoto wangu walipoliona hilo, walirudi mezani wenyewe kujaribu rangi nyingine, na sikulazimika kumsihi yeyote amalizie kazi yake.

Mpenda Mafumbo alijibu:

Kuhusu kutafuta maneno, wa miaka 4 wasamehe kabisa. Wape kuunganisha nukta hadi kisahani kijitokeze. Kwa wanaosoma, angalia herufi unazojazia visanduku vilivyobaki. Ukiweka q na x, ambazo maneno ya Kiswahili hayazitumii, mtoto huziruka papo hapo na jedwali linakuwa jepesi kupita kiasi. Ukijaza silabi za kawaida, maneno usiyoyakusudia hujitunga yenyewe: niliwahi kuficha “daka” na “upepo”, mtoto mmoja akaniletea pia “kaka” na “paka”, akadai alama zake, nami nikampa kwa sababu alikuwa na haki. Wakubwa usiwape orodha ya maneno, bali maelezo, kwa mfano: “kukipokea kisahani kabla hakijagusa ardhi”.

Mrushaji alijibu:

Mimi naomba jambo moja, nalo naliona kubwa kuliko mengine: picha ziseme kweli. Nimeona karatasi nyingi ambazo mtoto amechorwa akibeba frisbi kwa viganja viwili kama sinia, na anayejifunza kwa picha hiyo atarusha hivyohivyo. Chora kidole gumba juu ya kisahani, vidole vingine vikiwa vimeukunjia ukingo kwa chini. Katika fumbo la kutafuta tofauti, badilisha mambo yenye maana, kama kidole hicho au mwinamo wa kisahani, badala ya kuongeza wingu au kipepeo. Hata fumbo la kutafuta njia linaweza kufundisha: anayetumia mkono wa kulia akirusha kwa kuanzia upande wake wa kushoto, kisahani huzunguka kuelekea upande wa mishale ya saa kikitazamwa kutoka juu, na kasi ikipungua huelekea kushoto, kwa hiyo njia sahihi imalizikie kwa kupinda huko. Kwa wa miaka 7 na 8, chora timu mbili za wachezaji saba saba, mmoja akikimbia huku ameshika kisahani, uwaulize kosa liko wapi. Katika mchezo huo wa timu aliyekidaka harusiwi kukimbia nacho, na kwa kuwa kwa kawaida wachezaji wenyewe ndio wanaosimamia sheria, kosa hilo litakuwa la kuamuliwa na watoto.

Mlezi wa Jioni:

Nawashukuru sana. Leo tumetengeneza pete sita, na picha ya kosa imezua mjadala mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mmoja alishikilia kwamba mchezaji yule alikuwa hajakidaka vizuri. Mwalimu, wadogo wanaikunja pete wanapoishika. Je, niongeze sahani ya tatu?

Mwalimu wa Awali:

Hapana, itakuwa nzito. Zungushia ukingo wa nje utepe wa gundi mara moja, kisha waache warushe.