Tupeane uzoefu: uliambiwa "njia ipo", ukajenga, ukabaki kisiwani

Mleta mada
Wakuu, jana gari la kunyonya maji taka limenikimbia. Dereva kashuka pale kwenye fremu, kapima uchochoro kwa hatua zake, kasema "bosi, mpira haufiki, na nikiingia sitoki". Kageuza. Nyumba inanuka hadi sasa.

Nilinunua Goba, hapa Dar, ndani ndani mwaka 2013, shamba la mzee limekatwa vipande vya 20 kwa 20. Dalali alitangulia mbele yangu kapanua mikono: "Njia hii hapa, lori linapita." Hakudanganya, kulikuwa na mihogo tu. Wa kwanza kujenga aliacha njia. Wa pili akasogeza ukuta nje kidogo ya mpaka. Wa tatu akaona kwa nini apunjike peke yake. Leo pale mwanzoni lori linaingia; kufika kwangu, bajaji inakunja vioo. Tofali zote nilizishushia barabarani nikalipa vijana wa toroli.

Nyie mlitokaje?

Mtu wa Kivule
Umenitonesha kidonda. Huku ndio usiseme.

Bikoni
Mnajitakia. Changu nilikipata kwenye ule mradi wa serikali wa kupima viwanja 20,000 ulioanza 2002, Kibada. Barabara ilichorwa kabla hata hatujaweka msingi.

Mpangaji Mstaafu
Mkuu, 2002 nilikuwa darasa la tatu. Ningenunua kwa hela ya maandazi?

Bikoni
Wazazi si walikuwepo?

Mpangaji Mstaafu
Mzee wangu muache. Halafu barabara ya kwenye mchoro haizuii tope. Nilipita huko masika, viatu nikavishika mkononi.

Mama Pacha
Nitaandika ndefu, mnivumilie. Kona ya mtaa wetu kuna mzee mmoja. Wakati wa urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja tulivyokwisha kujenga, tulichanga, wapima wakaja, wakasema kila nyumba irudi nyuma mita moja ili gari la wagonjwa lipite. Tukasaini wote mbele ya mjumbe. Mzee akagoma. "Mimi nimefika hapa kuna nguruwe pori, nyie mmekuja na magari yenu."

Mwaka jana usiku presha ikampanda. Bajaji ikafika pale konani ikashindwa kukata. Tukambeba kwenye kiti cha plastiki, kile cheupe, mguu mmoja umepasuka, na upande huo ndio nimeshika mimi. Mvua inanyesha, tochi ya simu naing'ata kwa meno. Tunapita pembeni ya ukuta wake, kiti kinakwaruza, naye ananiambia kwa sauti ya chini, "Mama, taratibu, utanichubua mkono kwenye ukuta." Ukuta wake mwenyewe!

Akalazwa siku tisa, akapona, akarudi. Tukasema sasa atabomoa. Wapi! Kaupaka rangi.

Mtu wa Kivule
KAUPAKA RANGI 😂😂 nimemwaga chai

Bikoni
Rangi gani?

Mama Pacha
Kijani.

Chekeche
Mnacheka, ila mzee ana hoja. Wa kona ndiye anayetoa ardhi pande mbili, nyie wa ndani ndio viwanja vinapanda bei njia ikipatikana. Mlimpa hata mia?

Mama Pacha
Mita moja ya kulipana na majirani?

Chekeche
Ndiyo. Tofali za ukuta mpya, saruji, fundi. Kwetu tulichanga tukamjengea, akasogea wiki ileile. Hakuna anayebomoa ukuta wake kwa kuombwa tu.

Wakili wa Kijiweni
Mleta mada, Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwenye kiwanja kilichofungiwa nafasi ya kuiomba mahakama impatie njia. Anza na serikali ya mtaa, muhtasari uandikwe, ndipo upande juu.

Mtu wa Kivule
Kesi na mtu unayeazima kwake chumvi? Mpelekee mbuzi.

Mkazi wa Salasala
Mnalilia njia, ngojeni muipate. Yetu ilichongwa na greda, tukapiga vigelegele. Mwezi haujaisha, ramani za kwenye simu zikaanza kuwapitisha kwetu wanaokwepa foleni ya barabara ya Bagamoyo. Saa 12 asubuhi watoto wa shule wamebana ukutani, magari yanapishana kama stendi. Tukajenga tuta wenyewe, zege tupu, halina alama wala rangi. Siku ya tatu usiku bodaboda kalivaa na kreti mbili za soda. Alipona, soda hazikupona. Kesho yake tukalivunja kwa sururu.

Wakili wa Kijiweni
Tuta haliwekwi kienyeji. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, andikeni barua.

Mkazi wa Salasala
Tumeandika. Kwa sasa tumeweka magogo.

Bikoni
Magogo nayo ni kienyeji.

Mkazi wa Salasala
Njoo uyatoe.

Mleta mada
Mrejesho: limepatikana gari dogo. Wameunga mipira mitatu, ukapita sebuleni kwa jirani wa mbele, ukaingilia mlango mkubwa ukatokea wa jikoni. Mama mwenye nyumba kakaa kwenye kochi, khanga puani, anaangalia tamthilia yake. Wakati wa kukunja, kiungio cha katikati kikadondosha kidogo kwenye zulia.

Yule wa mbuzi, siku hizi anauzwaje?