Binti yangu ameacha kuandika mashairi, nifanyeje?

Mama Tuma
Wapendwa, nipo Pangani. Binti yangu ana miaka 12, nyuma ya daftari lake la hesabu pamejaa mashairi. Wiki iliyopita aliandika "Koroma limedondoka, na mimi nimelala". Mwalimu akalipiga kalamu nyekundu: mizani, yaani hesabu ya silabi, hazitimii. Tangu siku hiyo hajaandika hata ubeti mmoja. Nimfundishe vina na mizani kwanza, au nimwache tu? Mimi mwenyewe ni muuza samaki, shairi la mwisho nililikariri darasa la saba.

Mzee wa Bweni
Mwanangu, mwalimu kahesabu sawa. "Koroma limedondoka" ni silabi nane, "na mimi nimelala" ni saba. Akiandika "nimeshalala" deni limelipwa.

Lakini kilichonikera mimi si hiyo saba. Koroma halidondoki hivi hivi! Vidaka hupukutika, nazi iliyokauka huanguka, ila koroma, nazi inayokaribia kukomaa, huwa bado limeng'ang'ania juu mpaka liangushwe. Muulize mtoto: aliona nini?

Nimetunga miaka arobaini, mingi yake nikiwa karani. Meza ya kutungia sikuwa nayo. Asubuhi navuka na pantoni, natazama maji ya bamvua yalivyopanda kwenye mizizi ya mikoko, nayatafutia neno mpaka ng'ambo. Beti nikiandika nyuma ya stakabadhi. (Mke wangu amewashia jiko nyingi, na nyingine zilistahili.) Shaaban Robert naye aliingia ukarani wa forodha 1926, kwa hiyo sijioni mnyonge.

Mpeleke shambani kwa babu yake, amwonyeshe kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, mbata. Mwenye majina sita ya tunda moja, kina hakimtoi jasho. Na usimnunulie daftari la bei kubwa, ataogopa kulichafua.

Guni Halikubaliki
Heshima yako mzee, lakini bila mizani hayo ni maelezo tu. Afunzwe mapema, asije akazoea vibaya.

Kalamu Huru
Ubishi huu tunao tangu Kezilahabi atoe *Kichomi*, diwani yake ya mashairi huru yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974. Jamani, mtoto ana miaka 12!

Mzee wa Bweni
Sijasema asifunzwe. Ukitoa gumba mbili, vidole vinabaki vinane. Mungu kamkatia mizani mkononi, atahesabu hata akiwa njiani kwenda kisimani.

Mama Tuma
Shikamoo mzee. Nimemuuliza. Kumbe usiku ule hakuwa amelala, alimwona mtu juu ya mnazi wetu! Akaogopa kusema, ndiyo akaandika vile. Jana jioni kanionyesha mwenyewe: "Koroma laanguliwa, nami bado sijalala." Nimehesabu kwa vidole, gumba nimeziacha, nane kwa nane. Baba yake sasa hivi yuko nje na tochi, anahesabu madafu.