Naomba ushauri: nimechoka kuandika fromJson kwa mkono

Wakuu, habari zenu. Niko Sinza, natengeneza kwa Flutter (zana za Google za kutengeneza programu kwa lugha ya Dart) programu ya simu ya wauza vitenge wa jumla Kariakoo: oda, madeni, stoo. Kinachonimaliza ni msimbo wa kujirudia. Juzi mwenye mradi kaomba niongeze bei ya jumla tu kwenye bidhaa. Kitu kimoja, lakini ilibidi niguse klasi, fromJson (inayosoma data ya JSON kutoka seva), toJson (inayoigeuza kuwa JSON tena), copyWith (ya kunakili huku ukibadilisha kitu) na ulinganisho wa ==.

Nimejaribu json_serializable na freezed, zana zinazouandika msimbo huo zenyewe. Zinafanya kazi, sikatai. Shida ni build_runner, programu inayoziendesha: laptopu yangu ina RAM ya GB 8, nikiiwasha huku emuleta iko wazi, feni inalia kama mashine ya kusaga. Halafu tukiunganisha kazi na mwenzangu kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), mafaili ya .g.dart, yaani msimbo uliozalishwa, yanagongana. Nilikuwa nasubiri makro za Dart, ambazo zingezalisha msimbo huu ndani ya lugha yenyewe, lakini Januari 2025 timu ya Dart ikatangaza kuachana nazo. Basi tena.

Mlio kazini: mafaili ya .g.dart mnayaweka Git, au kila mtu anazalisha kwake? Kuna aliyetumia Mason kuzalisha skrini na folda zake kutoka kwenye kiolezo? AI siiamini sana hapa; inaweza kuweka int (namba kamili) mahali seva inaleta double (namba ya desimali), ukajua mteja akishapiga simu. Anayeitumia aniambie anaikaguaje.

Na tafadhali, ushauri wa kununua laptopu mpya ninao tayari.